Bingwa wa Meza Tatu

Mpira mweusi ulifika kwenye mdomo wa mfuko, ukayumba kushoto, ukayumba kulia kama mlevi anayetafuta mlango wake, na ukumbi mzima ukaacha kupumua.

Hapo ndipo tulipoachana wiki iliyopita, na najua baadhi yenu mlinitukana. Haya, nisiwaweke roho juu zaidi.

Haukuingia.

Ulisimama pale pale ukingoni, ukakataa katakata. Isaiah Were alibaki ameinama na fimbo yake mkononi, akiutazama. Mgongo ulimuuma. Nyayo zilimwaka moto. Tangu asubuhi alikuwa amesimama, na kabla ya hapo alikuwa amekesha akimalizia makochi ya mteja mmoja wa Mountain View asiyejua kungoja.

"Haiya! Imekataa!" alipiga kelele Jamleck, mwenye ukumbi. "Haron, ni yako hiyo!"

Haron hakungoja kuambiwa mara mbili. Kijana huyu wa mtaa wa Satellite, suruali pana chini kama sketi, alijinyoosha juu ya meza, akaigusa nyeupe, ule mpira wa kupigia, kidogo tu, na nyeusi ikaanguka mfukoni. Snuka ikawa imekwisha. Sasa walikuwa sawa, mchezo mmoja kila mtu.

Kama gazeti la wiki jana lilifungiwa nyama buchani kabla hujalisoma, nakueleza kwa ufupi. Isaiah Were ni fundi wa makochi kule Kangemi. Zamani, siku za mkoloni, alikuwa maka katika klabu ya wazungu, yaani yule mtu anayesimama kando ya meza ya biliadi akihesabu pointi na kuzitangaza. Wazungu wakaondoka, Isaiah akabaki na mkono uliojua mchezo. Tangu hapo hakuna mtu hapa mjini aliyemweza, iwe biliadi, iwe snuka.

Haron akasema yeye atamweza. Wakakubaliana kucheza meza tatu katika ukumbi wa Jamleck, pale juu ya duka la magodoro kando ya River Road. Biliadi, halafu snuka, halafu puli, ule mchezo wa Kimarekani wa meza ndogo ambao Haron anaujua kama jina lake. Atakayeshinda michezo miwili ndiye bingwa.

Biliadi Isaiah alishinda bila hata kukunja mikono ya shati. Snuka umeiona mwenyewe ilivyokwenda.

Lakini Isaiah hakuwa akicheza na Haron peke yake. Nyumbani kulikuwa na Namalwa, mkewe, na hapo ndipo penye kidonda.

Namalwa alikuwa ameichoka Nairobi. Alichoka chumba kimoja cha Kangemi, alichoka foleni ya maji, alichoka kulala na harufu ya gundi ya makochi. Shamba lao la Funyula, kule Busia, lilikuwa linaota majani, mama mkwe amezeeka, hana wa kumchotea maji. Kila mwaka Isaiah alisema tutarudi mwaka ujao, na mwaka ujao ukifika, hutokea kijana mpya anayetaka kupambana na bingwa.

"Siwezi kuondoka hivi hivi, Mama Caren," alimwambia juzi. "Watasema nimemkimbia Haron. Acha anishinde kwa haki. Siku atakayonishinda, siku hiyo hiyo tunapanda basi."

"Na asipokushinda?"

Isaiah aliokota nyundo yake, akarudi kwenye kochi alilokuwa akilitengeneza.

"Basi sikiliza," alisema Namalwa. "Mimi napanda basi la Busia Jumamosi jioni. Ukija, tutakwenda wote. Usipokuja, usinifuate."

Jumamosi yenyewe ndiyo hii. Akishinda, anabaki bingwa na nyumba haina mke. Akishindwa, anakwenda nyumbani na mkewe. Na kushindwa kwa makusudi hakuwezi. Kuuza mechi ni aibu ambayo humfuata mtu mpaka kaburini, na Isaiah mwenyewe aliwahi kumfukuza mtu katika ukumbi huu kwa kosa hilo hilo.

Kwa hiyo nyeusi ilipokataa kuingia, Isaiah alishusha pumzi. Raha ilimjia kwanza. Halafu ikaja aibu, akaanza kujiuliza maswali. Niliipiga sawasawa? Niliipiga. Sikuilegeza? Sikuilegeza. Au nililegeza kidogo?

Aliweka fimbo ukutani, akaenda kukaa kwenye benchi kama gunia lililoshushwa kutoka kwenye lori.

"Leteni chai!" alisema Jamleck. "Tupumzike kidogo, halafu ni puli. Hapo ndipo tutajua mwanamume ni nani."

"Puli!" Shem alitema neno hilo kama ganda la muwa. Shem ni fundi cherehani, mzee wa biliadi, na rafiki ya Isaiah tangu zama zile. "Hiyo nayo ni mchezo? Meza kama ya kulia ugali. Mifuko mikubwa kuliko ya koti langu. Hata mtu akifunga macho anaingiza."

"Kuja ufunge macho basi, tuone," alijibu Haron, na vijana wenzake wakacheka.

"Kijana, wacha mdomo."

"Si mdomo, mzee. Nyinyi watu wa biliadi mna mipira mitatu tu. Mitatu! Mnazunguka nayo mchana kutwa kama mtu anachunga mbuzi watatu. Ukikosa, unakaa chini, unakunywa chai, unangoja zamu. Puli haina hiyo. Puli unafanya kosa moja ndogo, mpira mmoja tu, na umekwisha. Unarudi kwenu."

"Hiyo mitatu ndiyo kazi, we!" Shem alisimama kabisa. "Kwa puli mpira ukiingia umepotea, haukusumbui tena. Kwa biliadi unarudishwa mezani. Kila ukipiga lazima ujue mitatu yote itakwenda kulala wapi, na ya kesho pia, na ya kesho kutwa. Hiyo ni kichwa, si suruali."

"Mimi nasema snuka," aliingilia Jamleck, ambaye hukubaliana na kila mtu ili chai yake inunuliwe na wote. "Snuka unaficha. Unamweka mwenzako nyuma ya mpira wa rangi, anatafuta njia, hapati, jasho linamtoka. Hiyo inataka akili ya mtu wa kuuza ng'ombe."

"Tumuulize mwenyewe," alisema Haron. "Mzee Were, wewe umeshika fimbo zote tatu. Mchezo gani unashinda mwingine kwa ugumu?"

Isaiah alipuliza chai yake.

"Nimechoka," alisema.

Wakacheka wote, wakidhani ni mzaha.

"Hapana, kweli. Biliadi inachosha kichwa. Snuka inachosha moyo, kwa sababu unakaa muda mrefu ukimwangalia mwenzako akila rangi zote na huwezi kufanya kitu."

"Na puli?"

"Puli sijaijua. Nimeicheza mara chache kule Hurlingham. Kila nikisimama hapo mkono unajiona kama mguu uliovaa kiatu cha mtu mwingine."

Haron hakucheka. Alimtazama mzee huyu kwa heshima, maana hayo maneno hayakuwa ya majivuno. Shem naye akarudi kwenye chai yake akinung'unika.

Ndipo Ephantus, kinyozi wa hapo chini, mtu wa maneno mengi kuliko nywele anazonyoa, akaita kutoka mlangoni.

"Bwana Were! Una mgeni hapa kwa ngazi!"

Isaiah alijua ni nani kabla hajainuka.

Namalwa alikuwa amesimama juu ya ngazi, nje ya mlango. Wanawake hawaingii ukumbini kwa Jamleck. Hakuna aliyekataza, ila hakuna aliyewahi kuingia. Alikuwa amevaa gauni la kanisani na kitambaa cha kijani kichwani, na miguuni pake palikuwa na mzigo uliofungwa kwa leso na kikapu cha vyombo.

"Bado?" aliuliza.

"Bado mchezo mmoja."

"Umechoka, Baba Caren. Macho yamekuwa mekundu."

"Nimechoka. Wacha nikwambie ukweli, nimechoka hata na kushinda kwenyewe. Wakinipigia makofi naona kama wanampigia mtu mwingine."

Namalwa alikaza fundo la leso ya mzigo. Chini barabarani mikokoteni ilikuwa inapita, watu wakipigiana kelele za kupishana.

"Mimi sikwambii ushindwe," alisema mwishowe. "Sikuolewa na mtu wa kuuza mechi. Nataka kujua tu moyo wako uko wapi. Kama uko hapa kwa hii meza, niambie, niende zangu mapema nipate kiti cha dirishani."

"Uko nyumbani."

"Kweli?"

"Nakuapia. Huo ubingwa siutaki tena. Kama kungekuwa na njia ya heshima ningempa huyu kijana sasa hivi. Nitaingia, nitacheza, litakalokuwa na liwe. Mimi moyo wangu uko Funyula tayari unapalilia."

Na msomaji, Isaiah hakuwa anadanganya. Aliamini kila neno. Ungemkata wakati ule, ungekuta ndani yake mahindi ya Funyula.

"Nimesikia," alisema Namalwa, akakaa juu ya mzigo wake.

Ndani, meza ndogo ya puli ilikuwa tayari imesogezwa karibu na dirisha. Jamleck alipanda juu ya kiti.

"Sikilizeni! Kuna mipira ya rangi tupu, na kuna mipira ya mistari. Mtu anamaliza ya kwake, halafu anapiga nyeusi. Nyeusi ikiingia, mchezo kwisha, ameshinda. Lakini nyeusi ikiingia na nyeupe nayo ikaifuata mfukoni, hiyo ni kosa, ameshindwa hapo hapo. Mmesikia nyote wawili?"

"Tumesikia," alisema Haron.

Isaiah alitikisa kichwa kukubali. Alisikia vizuri sana. Kumbuka hilo, maana kuna watu baadaye walisema hakusikia.

Haron akatawanya mipira. Paa! Mezani kukawa kama kuku waliorushiwa jiwe. Wa mistari mmoja ukaingia, na kijana akaanza kazi.

Jamani, yule kijana alicheza! Hakuwa anasimama kufikiri. Alizunguka meza kama mtu anayechelewa kazini, piga hapa, piga kule, na mipira ilitumbukia mmoja nyuma ya mwingine. Vijana wa Satellite wakaanza kuimba jina lake.

Isaiah aliegemea fimbo na kungoja zamu. Zamu ilipokuja alipiga pole pole, akaingiza mmoja, akakosa wa pili. Mkono ulikuwa bado katika kile kiatu cha mtu mwingine. Hakujali. Alisikia jua la alasiri likimpiga mgongoni kupitia dirishani, akawaza kiti cha basi, na jinsi atakavyolala kabla hawajafika Limuru.

Haron akarudi. Akaingiza, akaingiza tena. Akabakiwa na mpira mmoja wa mistari na nyeusi. Upande wa Isaiah ulikuwa umejaa mipira.

"Kwisha habari yake!" alisema Ephantus pale mlangoni, kwa sauti ya kusikika mpaka ngazini.

Haron alisikia, akatabasamu, na kutabasamu huko ndiko kulikomponza. Alipiga kwa haraka bila kuweka mguu vizuri. Mpira ukagonga kona ya mfuko, ukaruka, ukarudi katikati ya meza.

Vijana wa Satellite waliacha kuimba.

"Pole pole, kijana, pole pole," alinong'ona Shem kwa furaha mbaya.

Isaiah alijivuta mpaka mezani. Aliinama apige tu, aondoe lawama, akakae. Mpira wa kwanza ukaingia. Akainuka, akatazama. Wa pili ulikuwa pale pale njiani. Ukaingia. Wa tatu ulitaka kuguswa kwa pembeni, naye akaugusa kwa pembeni, na nyeupe ikaja yenyewe kusimama mahali anapoitaka, kama ng'ombe anayejua zizi lake.

Kitu kikaanza kumtoka Isaiah. Kilikuwa ule uchovu. Ulianza mabegani, ukashuka mgongoni, ukatoka miguuni, ukaenda zake. Akakunja mikono ya shati. Shem alipoona hivyo akamkanyaga jirani yake kwa furaha.

"Amekunja mikono! Mmeona? Were amekunja mikono!"

Mpira mwingine. Na mwingine. Isaiah hakuwa anasikia mtu tena. Hakukuwa na River Road, hakukuwa na basi, hakukuwa na Funyula wala palizi. Na kwenye ngazi, jamani mnisamehe kusema, hakukuwa na Namalwa. Kulikuwa na kitambaa cha kijani cha meza na mkono wake mwenyewe, na ule mkono ulikuwa na njaa.

Huyu ndiye mtu aliyeapa kwamba hautaki ubingwa. Siwezi kumlaumu. Sijui nani kati yetu angekumbuka basi wakati ule.

Kwa Isaiah ikabaki nyeusi peke yake.

Ilikuwa karibu na mfuko wa kona, na nyeupe ilikuwa imelala vizuri nyuma yake kwa upande. Mtoto angeiingiza. Gusa taratibu, nyeusi inaanguka, nyeupe inabaki mezani, na Isaiah Were anakuwa bingwa wa meza tatu.

Haron aliweka fimbo yake chini. Alikuwa ameshakubali.

Isaiah aliinama. Na alipoinama, jicho lake likaona kitu kingine. Liliona kwamba nyeupe ikipigwa vile, ikasokotwa kidogo, itaingiza nyeusi kwenye kona na yenyewe itazunguka, itavuka meza, itaingia mfuko wa katikati. Yote mawili kwa pigo moja!

Sasa nieleze kidogo kwa asiyejua. Katika biliadi, mpira wako mwenyewe ukigonga mwingine halafu ukaingia mfukoni, si kosa. Ni pointi. Ukiingiza mpira mwekundu na wa kwako ukaufuata kwa pigo hilo hilo, ni pointi tatu na tatu nyingine. Watu wa biliadi wanaiita sita, na wanaipenda kama mtoto wa mwisho. Miaka na miaka Isaiah alisimama katika klabu ya wazungu kazi yake ikiwa kutangaza, "Sita!", huku akiumia roho kwamba si yeye aliyepiga.

Mkono ukaiona sita. Mkono haukuuliza uko meza gani.

Kak!

Nyeusi ikaingia kona bila kugusa ukingo. Nyeupe ikageuka, ikavuka meza polepole, kwa madaha, kama bibi harusi anayeingia kanisani, ikatumbukia mfuko wa katikati.

"Sita!" Shem aliruka juu.

"Sita!" wazee wote wa biliadi walinguruma, wakapiga makofi, wakapigana mabega. "Sita ya Were! Mmeona hiyo sita?"

Na Isaiah akatabasamu. Kwa muda mrefu hakuwa ametabasamu hivyo.

Halafu makofi yakaanza kufa, moja moja. Shem alikuwa bado ameinua mikono, akaitazama meza, akaona ilivyo ndogo. Mikono ikashuka yenyewe.

"Mungu wangu," alisema. "Were. Hiyo ni puli."

Isaiah aliitazama meza, iliyobaki na ule mpira mmoja tu wa mistari wa Haron. Tabasamu lilibaki usoni pake kwa muda, kama mgeni asiyejua kwamba sherehe imekwisha, na lilipoondoka akabaki mtupu. Uchovu wote ukamrudia kwa pamoja, akashika ukingo wa meza asianguke.

"Nyeusi imeingia, nyeupe imeifuata," alisema Jamleck kwa sauti ndogo. "Sheria ni sheria. Haron ameshinda."

Vijana wa Satellite walifungua vinywa washangilie, lakini Ephantus aliwawahi.

"Ameshinda gani?" alipiga kelele. "Mnafanywa wajinga hivi hivi? Mke wake yuko hapo nje na mzigo umefungwa! Wanapanda basi leo! Nimewasikia na masikio yangu, amemwambia ubingwa hautaki. Na mmemwona alivyocheka mpira ukiingia? Mtu anashindwa, anacheka? Ameuza mechi huyu!"

Neno hilo likaanguka katikati ya ukumbi kama sahani.

"Funga hiyo mdomo yako!" Shem alimkunja Ephantus shati. "Were auze mechi? Were?"

"Mwulize basi! Bingwa gani hajui nyeupe haiingii? Si Jamleck amesema juu ya kiti, na yeye akatikisa kichwa?"

Hapo hata Shem alilegeza mkono. Ilikuwa kweli, kila mtu alimwona akitikisa kichwa.

Haron alipita katikati ya watu, akasimama mbele ya Isaiah. Uso ulikuwa umemwiva.

"Mzee, mimi sitaki ubingwa wa kupewa. Nimejifunza huu mchezo nikichungulia kwa ule mlango, nikikuangalia wewe. Kama umeniachia, sema. Tupange mipira upya sasa hivi, tucheze tena."

"Hakuna wakati wa kucheza tena," alisema Isaiah.

"Mnaona!" alisema Ephantus. "Anakimbilia basi!"

"Haron, sikiliza—"

"Hapana, mzee. Tucheze tena, au useme mbele ya hawa watu ulikuwa unafanya nini. Moja kati ya hizo."

Isaiah alifungua kinywa. Angesema nini? Kwamba mkono ulisahau meza? Nani angeamini? Hata yeye alikuwa bado anajiuliza kuhusu ile nyeusi ya snuka.

Ndipo watu wa karibu na mlango wakaanza kupisha njia. Wakapisha, wakapisha, mpaka njia ikafika mezani.

Namalwa alikuwa ameingia.

Alitembea katikati ya wanaume wale kama mtu anayepita shambani kwake. Alisimama upande wa pili wa meza. Alikuwa amesikia yote.

"Baba Caren."

"Mama Caren, ngoja nikueleze."

"Usinieleze. Nitakuuliza neno moja, na hawa wote wasikie." Sauti yake haikuwa na hasira hata kidogo. Ilikuwa sauti ya mtu aliyengoja sana. "Ulipopiga ule mpira wa mwisho, ulikuwa unataka kushinda?"

Ephantus alisogea mbele ili asikie vizuri.

Wanaume wote pale walitaka jibu moja. Walitaka ndiyo. Ndiyo ingemsafisha, ingemfanya Haron bingwa wa haki, ingemnyamazisha Ephantus daima. Shem alikuwa anamwomba kwa macho.

Mkewe alitaka jibu jingine. Isaiah aliliona usoni pake wazi kama mchana. Angesema hapana, nilitaka kwenda nawe, basi jina lake lingeoza hapa mjini, lakini Namalwa angejua kwamba yule mtu aliyeapa ngazini alikuwa mtu wa kweli, na wangekaa kiti kimoja mpaka Busia.

Alikuwa amechoka. Alikuwa amechoka mno hata kutafuta uongo.

"Ndiyo," alisema Isaiah. "Nilitaka kushinda."

"Sana?"

"Sana. Nilisahau basi. Nilisahau nyumbani. Nilikusahau hata wewe, Mama Caren. Mkono ulifikiri uko kwenye biliadi, ukapiga sita. Sikuuza kitu."

Shem alianza kulia, mtu mzima na ndevu zake.

"Mmesikia?" alisema Jamleck. "Mmesikia nyinyi? Ni kosa la haki! Haron ni bingwa wa haki!"

Ukumbi ukalipuka. Kofia zikaruka, benchi likapinduka, Ephantus akasukumwa mpaka ukutani. Haron alimkumbatia Isaiah kwa nguvu mpaka fimbo ikaanguka.

Katika makelele hayo yote, Namalwa aliinama kidogo juu ya meza ili mumewe amsikie.

"Pale ngazini uliniambia moyo wako uko nyumbani," alisema. "Sasa najua ulipo. Asante kwa kunijibu."

"Namalwa! Lakini nimeshindwa! Tunaweza kwenda! Nimeshindwa kwa haki, kama nilivyokuahidi!"

"Pole, Baba Caren," alisema, akageuka.

Isaiah alikurupuka amfuate. Hakufika popote. Vijana wa Satellite walikuwa wameshamkamata miguu, wazee wa biliadi wakamkamata mabega, wakamnyanyua juu kabisa, yeye pamoja na Haron, bingwa wa zamani na bingwa mpya, wakaanza kuizunguka meza wakiimba majina yao yote mawili. Tangu ukumbi ule ufunguliwe hakuna mtu aliyewahi kupewa heshima kama ile.

Sasa alikuwa huru. Hakuna ambaye angesema amekimbia. Hakuna ambaye angesema ameuza. Kila kitu alichokuwa anakingoja kimekuja, na kutoka kule juu ya mabega ya watu aliona kile kitambaa cha kijani kikifika mlangoni, kikainama kuchukua mzigo, kikaanza kushuka ngazi.

"Niteremsheni!" alipiga kelele. "Jamani, niteremsheni!"

Walidhani anafurahi, wakamrusha juu tena.